Nani Alilowesha Sakafu ya Kanisa?

Masomo: Walawi 14:33-48, Waamuzi 6:36-40, 1 Wathesalonike 5:20-21

Nawasalimu nyote muliofungua redio asubuhi hii, ninyi muliyo Ntoto na pembeni yake, upande wa Masisi na upande wa Walikale, ninyi muliyo njiani na mizigo kichwani, wagonjwa muliolala kwenye kituo cha afya, na ninyi wamama muliotangulia shambani mkiwa na redio ndani ya kitunga.

Leo sitahubiri juu ya jambo la mbali. Nitahubiri juu ya maji. Si maji ya ubatizo, wala maji ya Bahari Nyekundu. Ni maji madogo, kiasi cha kulowesha kitambaa kimoja, yaliyoonekana asubuhi juu ya sakafu ya mbao katika kanisa moja huku kwetu msituni. Jina la kanisa sitalitaja, na majina ya watu sitayataja. Lakini mimi nilikuwako, na sehemu ya kosa ni yangu. Kwa hiyo naomba munisikilize kama mtu anayetubu, si kama mtu anayefundisha tu.

Maji yenyewe

Kanisa hilo ni la zamani. Kuta zake ni mbao, juu ni manjanja, na chini ni sakafu ya mbao za libuyu, nene, zilizopasuliwa kwa msumeno wa mikono wakati wazee wetu walikuwa vijana. Chini ya sakafu kuna mawe yanayobeba miti, na kati ya mawe kuna nafasi upepo upite. Wazee walijua kujenga. Mbao hizo zimekanyagwa na miguu ya vizazi vitatu na bado ni ngumu kama chuma.

Siku moja katika msimu wa mvua nyingi, shemasi aliyefungua mlango alikuta pembe moja ya upande wa wamama imelowa. Akapangusa. Saa tano jua lilipowaka, pakakauka. Kesho yake asubuhi maji yamerudi, mahali pale pale, kwa umbo lile lile, kama ngozi ya mbuzi iliyotandazwa. Akapangusa tena. Siku ya tatu tena. Hapo juu manjanja hayavuji, tuliangalia. Hakuna aliyelala ndani. Mlango ulikuwa na kufuli.

Munajua kile kilichofuata. Katika maombi ya siku ya tatu ya juma, kijana mmoja alisema ameona katika roho kwamba hayo ni machozi ya madhabahu. Mwingine akasema hapana, ni maji ya wachawi, yanamwagwa usiku ili kuzima moto wa kanisa. Kisha mtu akauliza: ni nani anayekaa pembe ile? Nyumba nzima ikanyamaza, kwa sababu kila mtu alijua. Pembe ile anakaa Koko mmoja, mjane, mtu wa miaka mingi, pamoja na mjukuu wake wa miaka tisa ambaye hana mama wala baba. Koko huyu hutangulia kufika kila ibada, na hukaa pale pale, hapendi mtu akae mahali pake.

Tangu siku ile wamama wakaanza kuvuta mikeka yao mbali naye. Watoto wakaacha kucheza na mjukuu wake. Juma lililofuata wengine wakaleta shauri kwamba Koko na mtoto wafungiwe katika chumba cha maombi, wafunge bila kula wala kunywa mpaka waungame. Na mimi nilikuwa ndani ya kikao hicho. Sikukubali, lakini sikukataa. Nilisema tu, tuendelee kuomba. Wapendwa, kuna kuomba ambako ni imani, na kuna kuomba ambako ni woga uliovaa nguo ya imani. Kwangu ilikuwa woga.

Kuhani aliyeitwa kuangalia nyumba

Usiku ule sikupata usingizi. Nilifungua Walawi, sura ya 14. Sehemu hiyo hatuihubiri mara nyingi, lakini iko ndani ya Biblia yako. Mungu anawapa Musa na Haruni sheria juu ya nyumba yenye pigo, nyumba ambayo kuta zake zimetoa madoa ya kijani au mekundu. Soma polepole, utaona hatua.

Hatua ya kwanza: mwenye nyumba anakwenda kwa kuhani na kusema kwamba anaona kitu kinachofanana na pigo. Angalia unyenyekevu wake. Hasemi ni pigo. Anasema kinafanana. Amesema kile macho yake yaliona, na hakuongeza.

Hatua ya pili: kabla kuhani hajaingia, vitu vyote vinatolewa nje, ili visihesabiwe kuwa najisi pamoja na nyumba. Kumbe Mungu anajali hata sufuria na mikeka ya mtu, visiharibike kwa neno la haraka. Kama Mungu anaokoa sufuria mbele ya uchunguzi, je, hataokoa jina la mjane?

Hatua ya tatu: kuhani anaangalia kwa macho. Anatazama rangi. Anatazama kama doa limeingia ndani kuliko uso wa ukuta. Kisha hasemi neno. Anafunga nyumba siku saba.

Hatua ya nne: anarudi, anaangalia tena. Doa likienea, jiwe lenye doa linaondolewa, linawekwa jiwe lingine, ukuta unakwanguliwa na kupakwa udongo mpya. Kama doa haliendelei, nyumba inatangazwa safi.

Sasa nisikilize vizuri. Nilisoma mistari yote ile mara tatu, nikitafuta mahali kuhani anapouliza: ni nani aliyefanya hivi? Ni mama gani anakaa karibu na ukuta huu? Sikupata. Kuhani wa Mungu anachunguza jiwe, anachunguza udongo, anachunguza rangi. Katika sehemu hiyo nzima hakuna mtu anayetafutwa ili ashitakiwe. Sisi tulikuwa tumeacha kutazama ubao, tukaanza kutazama uso wa Koko.

Njia nne za maji

Asubuhi nilikwenda kwa fundi wa mbao, mzee anayemcha Mungu, nikamwambia yote. Hakucheka, wala hakuogopa. Akaniambia: «Pasta, maji hayana miguu minne. Lakini yana njia nne za kufika juu ya mbao. Twende tuzifunge moja moja.» Nawapa maneno yake, kwa sababu hata katika nyumba zenu yatawasaidia.

Njia ya kwanza ni juu. Manjanja yakitoboka, au msumari ukilegea, maji hufuata mti wa paa na kuanguka mbali na tundu lenyewe. Alama yake: kuna mstari mweusi juu ya mti, na maji huja wakati wa mvua yenye upepo, si usiku mkavu. Fundi alipanda. Miti ya paa ilikuwa mikavu, haina mstari. Na maji yetu yalikuwa yakija hata usiku ambao mvua haikunyesha, mradi kulikuwa na ukungu.

Njia ya pili ni chini. Udongo uliolowa ukifungiwa chini ya sakafu bila upepo, mvuke wake hupanda na kuingia ndani ya mbao. Alama yake: ubao unavimba upande wa chini, kando zake zinainuka na katikati inabonyea, kama mtumbwi mdogo. Ukigonga kwa nyundo unasikia sauti nzito, na ukichoma kwa kisu kinaingia kama katika ndizi iliyoiva. Fundi mzee akalala chini, akajipenyeza kati ya mawe na tochi mdomoni. Alitoka amejaa vumbi na utando wa buibui. Akasema: «Vumbi linakupa jibu. Kungekuwa na maji hapa, lingekuwa tope.» Mbao zilikuwa zimenyooka, na zikigongwa zinalia.

Njia ya tatu ni hewa. Hewa yetu ya msituni inabeba maji mengi. Hewa ya joto yenye maji ikigusa kitu baridi, inaacha maji juu yake. Ndiyo umande juu ya majani. Ndiyo sababu mukifanya mkesha, watu mia wanaimba mpaka asubuhi na madirisha yamefungwa, manjanja yanatoa jasho na kuwadondokea kichwani. Ni pumzi yenu wenyewe inawarudia! Alama ya maji ya hewa: yanaenea pote juu ya kitu baridi, hayachagui pembe moja. Lakini yetu yalichagua.

Njia ya nne, akasema, ndiyo watu wengi hawaijui: kitu kilicho ndani ya ubao wenyewe kinachoita maji kutoka hewani. Nikauliza, kitu gani? Akasema, kwanza tupime, tusitaje jina kabla ya kupima. Nikakumbuka yule mwenye nyumba wa Walawi.

Usiku wa Gideoni

Munakumbuka Gideoni. Alitandaza ngozi ya kondoo kwenye uwanja wa kupuria. Usiku wa kwanza aliomba ngozi ilowe na udongo ukae mkavu. Ikawa. Lakini hakuishia hapo. Usiku wa pili aliomba kinyume chake: ngozi ikae kavu na udongo ulowe. Kwa nini? Kwa sababu ngozi hushika umande kwa urahisi, na ishara ya upande mmoja inaweza kudanganya. Gideoni aligeuza jambo ili aone kama jibu litageuka nalo. Na Mungu hakumkasirikia kwa kupima mara mbili.

Basi sisi pia tulipima mara mbili.

Usiku wa kwanza, tulipangusa pembe ile mpaka ikakauka, tukaiacha jua liipige kupitia mlango. Jioni fundi akakata kipande cha shitingi, akafunika nusu ya mahali palipokuwa panalowa, akabandika kando zake zote kwa skochi. Nusu nyingine akaiacha wazi. Mlango tukaufunga, na ufunguo nikalala nao mimi.

Asubuhi tulikuta hivi: nusu iliyo wazi imelowa. Juu ya shitingi, kavu. Tukaibandua: chini ya shitingi, kavu. Fundi akatufundisha kusoma. Kama maji yangetoka chini ya ardhi, yangefungwa chini ya shitingi na tungeyakuta pale. Kama ungekuwa umande tu, shitingi nayo ingelowa. Kama mtu angemwaga maji usiku, angemwaga juu ya shitingi pia, maana mikono ya mtu haichagui namna hiyo. Kwa hiyo maji yanatoka hewani, lakini ni ubao unaoyaita.

Usiku wa pili, fundi alifanya jambo ambalo sitalisahau. Aling'oa misumari, akatoa mbao tatu zilizokuwa zinalowa katika pembe ya Koko, akazipeleka mlangoni, na mbao tatu za mlangoni akazileta katika pembe. Zilikuwa na urefu mmoja, zikaingia vizuri. Tukafunga mlango.

Wapendwa, asubuhi mashemasi wote walikuwako, maana nilikuwa nimewaita. Na Koko alikuwako, kwa sababu yeye hutangulia siku zote. Tulifungua. Pembe ya Koko ilikuwa kavu kabisa. Na mlangoni, pale anapokaa mzee wa kanisa anayehesabu sadaka, yule ambaye sauti yake ilikuwa juu kuliko zote katika kikao, palikuwa na maji, kwa umbo lile lile la ngozi ya mbuzi.

Hakuna aliyesema neno. Fundi peke yake alisema, polepole: «Sasa mutamfungia nani ndani ya chumba?»

Chumvi

Ndani ya ubao mlikuwa na chumvi. Munajua chumvi ya jikoni. Siku za jua inamwagika vizuri. Siku za mvua inashikana, inalowa, mpaka inageuka maji ndani ya kopo. Hakuna mtu aliyeimwagia maji. Chumvi inayavuta kutoka hewani. Hewa ikiwa imebeba kama 75 kwa mia ya maji ambayo inaweza kubeba, chumvi ya jikoni inaanza kuyeyuka yenyewe. Na kuna chumvi nyingine zinazoyeyuka mbele ya hapo. Huku kwetu, asubuhi ya ukungu, hewa inapita kipimo hicho bila shida. Ndiyo sababu pembe ile ililowa usiku na kukauka saa tano. Ndiyo sababu umbo halikubadilika: lilikuwa umbo la kile kilichomwagika zamani. Na siku tatu za jua kali zilipokuja, tuliona vumbi jeupe kidogo kwenye kando za doa, kama alama ya jasho juu ya shati.

Lakini chumvi gani? Fundi alimwaga maji moto kidogo juu ya ubao, kukatoka harufu. Kila mfugaji aliyekuwa pale aliijua. Ilikuwa harufu ya zizi la mbuzi. Mkojo, wa mtu na wa mnyama, una chumvi ndani yake. Maji yake yanakauka, lakini chumvi inabaki katika mishipa ya mti miaka na miaka. Kwa miaka mingi mbao zile zilikuwa zimefunikwa na jukwaa la waimbaji. Mwaka ule jukwaa liliondolewa, sakafu ikabaki wazi, na mvua zikawa nyingi. Basi.

Tukabaki tunaulizana: mbuzi waliingia lini kanisani? Ndipo Koko akafungua kinywa. Majuma yote yale hakuna mtu alikuwa amemuuliza hata neno moja. Tuliuliza roho, tuliuliza ndoto, tuliulizana sisi kwa sisi, yeye hatukumuuliza. Akasema:

«Watoto wangu, pale ndipo tulilala. Mwaka tulipokimbia vita tukafika hapa usiku, mchungaji wa wakati ule alitufungulia mlango. Familia nyingi. Mimi nilipewa pembe ile. Nilikuwa na watoto sita, wangu na wa marehemu dada yangu, na mbuzi wawili. Nje kulikuwa risasi, hakuna aliyeweza kutoka kujisaidia. Tulikaa hivyo miezi miwili. Watoto walikojoa pale, na mbuzi vilevile. Niliosha, lakini maji yalikuwa machache. Ndiyo sababu ninakaa pale. Hapo Mungu aliponya watoto wangu. Nikikaa pale ninamshukuru.»

Mzee wa sadaka alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Mimi nilikuwa wa pili.

Mambo matatu ya kushika

Wapendwa wasikilizaji, sisi ni wapentekoste. Tunaamini kwamba Roho Mtakatifu anasema leo. Tunaamini kwamba shetani yuko na kwamba Yesu amemshinda. Sikuja kuwaondolea imani hiyo. Lakini Paulo, akiwaandikia Wathesalonike, aliweka mambo mawili pamoja: tusidharau unabii, na tupime yote. Mtu anayeshika la kwanza na kuacha la pili amekata Biblia katikati. Na Yohana, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anatuamuru kuzipima roho. Kupima si ukosefu wa imani. Kupima ni utii.

Jambo la kwanza: sema kile ulichoona, usiongeze. Ukiona maji, sema, nimeona maji. Ukisema, nimeona uchawi, umeruka mto ambao hujui kina chake. Ndoto si shahidi. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 19:15, inataka mashahidi wawili au watatu, na ndoto mbili hazifanyi mashahidi wawili.

Jambo la pili: mjane na yatima wasiwe wa kwanza kushukiwa. Angalieni, kila mara jambo la siri linapotokea, kidole kinakwenda kwa nani? Hakiendi kwa mwenye duka. Hakiendi kwa mwenye watoto wa kiume wenye nguvu. Kinakwenda kwa bibi asiye na mtetezi na kwa mtoto asiye na mama. Roho anayewaonyesha watu wanyonge tu, siku zote, mumpime vizuri. Mungu wetu, katika Kutoka 22, alisema kilio cha mjane na yatima atakisikia yeye mwenyewe. Na wanafunzi walipomwuliza Yesu juu ya yule kipofu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Yesu aliikataa hata swali lenyewe. Yohana sura ya 9, someni.

Si mchezo, wapendwa. Katika mwezi wa 9 mwaka 2021, jirani zetu wa Kivu ya Kusini walizika wamama wanane walioshitakiwa uchawi na kuuawa, wengine kwa moto. Kila mmoja alikuwa mama wa mtu. Na ilianza kwa neno, kama lile lililosemwa katika maombi yetu. Kati ya neno lile na moto ule, njia ni fupi kuliko munavyofikiri.

Na serikali nayo imesema. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inaweka kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu kwa mtu anayempa mtoto jina la mchawi. Sheria hiyo haina nafasi kwa mchungaji kusema, nilikuwa katika maombi. Na kumfungia mtoto au mzee bila chakula na maji, ukiita ni kufunga, hiyo si huduma. Kufunga kwa Biblia mtu anafunga mwenyewe, kwa hiari yake.

Jambo la tatu: usifunike, osha. Baada ya kujua, mtu mmoja alitoa shauri tupake vernisi juu ya doa, yaishe. Fundi akakataa. Ukifunika ubao wenye chumvi na maji, maji yanafungwa ndani na mti unaoza kutoka moyoni. Alituonyesha njia ndefu: kumwaga maji safi kidogo, kuacha yaingie, kuyavuta kwa kitambaa kikavu, kukausha kwa upepo, kisha tena, na tena, siku nyingi, kwa sababu kila mara kitambaa kinatoka na chumvi kidogo. Kuosha mara moja kunaeneza doa tu. Mwisho alipiga randa juu juu. Mbao mbili zilipona. Ya tatu ilikuwa imekunywa sana, ikatolewa, ikawekwa nyingine, kama jiwe lile la Walawi.

Kosa letu kwa Koko lilikuwa vilevile. Kuna mtu alisema, tumpe kitenge, yaishe. Hapana. Hiyo ni vernisi. Tulisimama siku ya Mungu mbele ya kanisa lote, kwa sababu jina lake lilikuwa limechafuliwa mbele ya kanisa lote, tukaungama mmoja mmoja. Mimi niliungama kunyamaza kwangu. Mjukuu wake tulimwita kwa jina, tukamwomba msamaha yeye pia, ingawa ni mtoto. Tuliwatembelea nyumbani, si mara moja. Na bado sijui kama yule mtoto amesahau. Kitambaa bado kinatoka na chumvi.

Fundi alipomaliza alimwuliza Koko kama anataka mbao zake zirudishwe katika pembe yake. Akasema ndiyo. Ziko pale leo. Asubuhi za ukungu mukali, ukiweka mkono, bado utasikia ubaridi kidogo. Hatuogopi tena. Tunajua ni ya nani: ni ya watoto sita ambao nyumba ya Mungu iliwaficha wakati wa risasi. Wazee wetu walifungua mlango wakakubali sakafu yao iharibike ili watoto waishi. Sisi, kwa doa lile lile, tulikaribia kumfukuza aliyeokolewa. Mungu atuhurumie, na aturudishie moyo wa wazee wetu.

Tuombe

Baba Mungu, katika jina la Yesu, utusamehe maneno tuliyosema haraka. Utupe macho ya kuhani anayeangalia kabla ya kuhukumu, na uvumilivu wa siku saba. Ulinde kila mjane na kila yatima anayeitwa jina baya asubuhi hii, katika Masisi, katika Walikale na katika Kivu yote. Aliyefungiwa, umfungulie. Aliyenyamaza kama mimi, umpe sauti leo, kabla jioni haijafika. Amina.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani

1. Katika Walawi 14, kuhani anafanya nini kabla ya kusema neno lolote? Sisi tunaanza na hatua gani?

2. Kwa nini Gideoni alipima mara mbili? Ni jambo gani katika kanisa letu tulilipima upande mmoja tu?

3. Je, kuna mtu katika kijiji chetu ambaye wote wanasema juu yake, lakini hakuna aliyemuuliza? Ni nani kati yetu atakwenda kumsalimia juma hili?